Nafasi ya Binti Katika Benchi la Shule

Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na wajumbe wa mitaa siku ya Jubilei



Nimepewa heshima ya kuwaambieni maneno machache juu ya elimu ya mabinti. Najua ya kuwa siku ya sikukuu watu hupenda kusikia habari za furaha, nazo zipo nyingi, nami nitazitaja. Lakini jubilei ni siku ya hesabu pia. Mwenye duka hafungi mwaka pasipo kufungua daftari lake. Atazama faida, kisha atazama na deni. Basi leo naomba tufungue daftari letu mahali palipoandikwa majina ya watoto wa kike, tuone faida tuliyopata, na deni lililobaki.

Tuanze na zamani. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Daktari Steere walifika Unguja. Watoto wa kwanza waliowapokea walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Halikufungwa mpaka mwaka 1873. Mwaka 1871 Misheni ilinunua shamba la Mbweni, nje ya mji, na huko wasichana waliokombolewa wakapata shule yao. Mwaka 1877 alifika mwanamke Mwingereza jina lake Caroline Thackeray, akaisimamia shule ile miaka 25. Hakurudi kwao kuzeeka. Alikaa Unguja hata alipokufa mwaka 1926.

Fikirini wasichana wale walikuwa nani. Mtoto ametekwa Bara, ametembezwa mpaka pwani, ametiwa katika jahazi, hana baba wala mama wa kumtetea, na bei yake yajulikana sokoni. Mtoto huyo akawekwa mbele ya ubao, akafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengine miongoni mwao wakawa waalimu, wakavuka bahari kwenda kufundisha watoto wa Bara. Nawaambieni, watu waliosema siku zile ya kuwa mwanamke hana akili ya kitabu, walijibiwa na watoto wa watumwa.

Lakini daftari lina kurasa mbili, nasi tusisome mmoja tu. Shule ya Mbweni haikuwafundisha wasichana wote sawasawa. Walioonekana wepesi wa kushika masomo walitayarishwa kuwa waalimu; wengine waliwekwa upande wa kazi za mikono, yaani kupika, kufua na kushona. Na katika mawazo ya wakubwa wengi wa siku zile, msichana alisomeshwa hasa ili kijana aliyetoka chuo cha Kiungani apate mke anayefaa kuwa mke wa mwalimu. Kazi hiyo si mbaya; nyumba nyingi njema zilijengwa hivyo. Ila tazameni fikira iliyo chini yake: ya kuwa elimu ya binti ni ya mtu mwingine, naye ni chombo tu cha kuipitisha. Fikira hiyo haikuzikwa pamoja na watu wa zamani. Ingalimo katika nyumba zetu, na baadaye nitairudia.

Tusidhani pia ya kuwa ujinga huu ulikuwa wetu sisi Waafrika peke yetu. Huko Uingereza, chuo kikuu cha Oxford hakikuwapa wanawake shahada mpaka mwaka 1920, na chuo cha Cambridge hakikuwapa shahada kamili mpaka mwaka 1948. Chuo cha Makerere, Uganda, kiliwapokea wanawake wake wa kwanza, 6 kwa hesabu, mwaka 1945. Kabla ya hapo wito wa chuo hicho uliwahimiza wanafunzi kuwa wanaume. Wanawake walipoingia, wito ule ukaonekana haufai tena, ukabadilishwa, ukawa wito wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Hata maneno yaliyoandikwa juu ya mlango hulazimika kubadilika, mlango ukisha kufunguliwa.

Katika wanawake wa Makerere wa miaka ile alikuwapo Sarah Nyendwoha, aliyezaliwa Hoima katika nchi ya Bunyoro mwaka 1926. Alitaka kusoma hesabu. Mwalimu wa somo lile hakukubali kumfundisha mwanamke, basi ikambidi kuchukua masomo mengine. Hakurudi nyumbani kulia. Alikwenda Oxford, akapata shahada yake katika historia mwaka 1954, naye ahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi kufundisha, akakuta mshahara wake ni mdogo kuliko wa mwanamume mwenye elimu sawa na yake. Akakataa kuupokea, akasema afadhali afundishe bure. Jambo hilo likawaaibisha wakubwa, na mwishowe haki ikafanyika. Baadaye aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji wa Tanganyika, na kwa hiyo jina lake ni letu pia. Alifariki mwaka 2018. Waalimu, wafundisheni watoto jina hilo. Si kwa sababu alifika Oxford, bali kwa sababu alikataa kupewa nusu ya haki yake na kusema asante.

Baada ya uhuru nchi yetu ilifanya jambo kubwa. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, iliamuliwa ya kuwa kila mtoto apate elimu ya msingi, na kazi hiyo ikaanza kwa nguvu mwaka 1977. Mwaka 1978 sheria ya elimu ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shuleni, wa kiume na wa kike. Shule nyingine zilikuwa ni kivuli cha mwembe na ubao mmoja. Waalimu wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Hata hivyo, katika muda wa miaka kama kumi, wasichana wakawa karibu nusu ya wanafunzi wote wa shule za msingi. Je, katika miaka kumi ile wasichana walizaliwa na akili mpya? La. Akili ilikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni mlango. Somo hili tulishike sana: mahali popote tuonapo wasichana wachache, tusiulize wana kasoro gani, bali tuulize ni nani aliyeuegemea mlango.

Sasa nije kwenye deni. Ndugu zangu, katika madarasa ya chini leo wasichana na wavulana hukaa wakiwa karibu sawa kwa hesabu. Lakini wafuateni hata sekondari, mwone jinsi wasichana wengine waachavyo masomo njiani. Wala hawaachi kwa kushindwa hesabu. Tangu Januari 2016 ada ya sekondari, mpaka kidato cha nne, imeondolewa, basi si ada peke yake inayowatoa.

Shule ya msingi iko karibu na nyumbani. Sekondari mara nyingi iko mbali. Binti wa miaka 14 aondoka alfajiri kukiwa giza, arudi jioni kukiwa giza. Akichoka na safari, apangishiwa chumba karibu na shule, awe mwenye nyumba, mpishi na mlinzi wake mwenyewe, katika umri ambao hata kuku hatumwachii kulala nje ya banda. Mwenye pikipiki amchukua bure siku ya kwanza, amchukua bure siku ya pili. Siku ya tatu adai malipo yasiyo ya fedha. Kisha mimba ikionekana, kijiji kizima hushangaa, kana kwamba jambo hili limeanguka kutoka mbinguni.

Yako na mengine ambayo wanaume huona haya kuyasikia, lakini leo vumilieni. Msichana aliyevunja ungo huhitaji kitambaa safi, maji, na choo chenye mlango unaofungwa. Shule isiyo na vitu hivyo humfukuza siku kadha wa kadha kila mwezi, bila barua ya kufukuzwa. Hesabuni siku hizo kwa mwaka, mwone masomo mangapi yamempita. Halafu anapoanguka mtihani, twasema, Mnaona? Wasichana hawawezi.

Tena iko habari ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata akiwa na miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, lakini mvulana, pasipo ruhusa hiyo ya mahakama, asioe mpaka atimize miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kuwa jambo hilo lapingana na Katiba, kwa kuwa lawatendea watoto wa kike tofauti na wa kiume, ikaiagiza Serikali kurekebisha sheria, umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Mwaka huo huo wa 2016 sheria ya elimu ilikuwa imekwisha kurekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Upelelezi uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa kati ya wanawake 100 wenye miaka 20 hata 24, wapata 31 walikuwa wameolewa au kukaa na mume kabla ya kutimiza miaka 18. Basi msiseme haya ni mambo ya watu wa mbali. Katika safu za kanisa letu, mwanamke wa tatu au wa nne unayeketi karibu naye huenda ni mmoja wao.

Nafika sasa kwenye neno lililo gumu kuliko yote. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Kanuni za mwaka 2002 zilitumiwa kwa kusudi hilo, na mwaka 2017 ilitamkwa waziwazi na mkuu wa nchi ya kuwa aliyezaa asirudi. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza ya kuwa njia imefunguliwa: msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya mimba apata kurudi katika shule ya Serikali na kuendelea. Basi mlango wa Serikali umefunguliwa. Nauliza juu ya mlango wetu.

Wako wazee wema wasemao, Tukimrudisha, tutawafundisha wengine ya kuwa dhambi haina adhabu. Siwadharau wasemao hivyo. Wanawapenda watoto wao na wanaogopa. Lakini nawaomba tulitazame neno lenyewe. Kwanza, miaka yote tuliyowafukuza, je, mimba ziliisha? Hazikuisha. Dawa iliyotumika muda mrefu hivyo bila kuponya, mganga mwenye akili huibadili. Pili, adhabu hiyo ilimwangukia nani? Mara nyingi mtoto amedanganywa na mtu mzima, au ametendewa kwa nguvu. Huyo mtu mzima aliendelea na pikipiki yake, au duka lake, au hata chaki yake. Mtoto ndiye aliyevuliwa sare. Na kama mwenzake alikuwa mvulana wa darasa lake, kesho yake mvulana aliketi katika benchi lile lile. Adhabu impatayo mmoja wa wawili, tena aliye mdogo na mnyonge, haiwezi kuitwa maadili. Tatu, fikirini mtoto mchanga. Mama yake akibaki bila elimu na bila kazi, yeye naye atakua katika umaskini ule ule, na kama ni wa kike, tutamwona mlangoni kwetu baada ya miaka 15 katika hali ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala sisemi ya kuwa tusiwafundishe vijana kujitunza. Tuwafundishe sana, wavulana kwa wasichana, kwa maneno yaliyo wazi, mapema. Nasema tu ya kuwa kufundisha ni kazi ya shule, na mtoto aliyeanguka ana haja ya shule zaidi kuliko asiyeanguka.

Wengine husema, Kumsomesha binti ni kumwagilia mti wa jirani, maana ataolewa aende kwa watu. Neno hili lina majibu mawili. La kwanza ni la faida. Mwaka 1979 mtaalamu John Caldwell alitoa habari za uchunguzi wake huko Nigeria, akaonyesha ya kuwa watoto wa mama aliyesoma hufa kwa uchache kuliko watoto wa mama asiyesoma, hata pale ambapo mali na kazi ya baba ni sawa. Mama anayesoma hujua kipimo cha dawa, huenda na mtoto zahanati mapema, na akiambiwa neno asiloelewa huuliza. Tena tazameni ni nani atunzaye wazazi wakizeeka. Mara nyingi ni yule binti tuliyesema ni mti wa jirani.

Lakini jibu la pili ni kubwa zaidi. Tukisema binti asomeshwe kwa sababu watoto wake watapona, au mumewe atapata mke mwema, au wazazi watatunzwa, twamrudisha mahali pale pale pa zamani, awe chombo cha kupitishia mema ya wengine. Mvulana hatumwulizi hivyo. Humsomesha kwa sababu ni mtoto wetu na ana akili. Binti naye ni mtu, na akili aliyo nayo ni yake. Hata akikaa pasipo kuolewa, hata asipozaa, haki yake ya kusoma haipungui. Mwaka 1948 mataifa yalitangaza ya kuwa elimu ni haki ya kila mtu. Hawakuandika kila mume. Nasi tulio watu wa kanisa tuna ukumbusho wetu, maana Prisila pamoja na mumewe Akila ndio waliomfundisha Apolo, naye alikuwa msomi.

Mkinyanyua macho mtaona ya kuwa vita hii ni ya dunia nzima. Mwaka 1848, katika mji wa Pune huko India, mwanamke aitwaye Savitribai Phule pamoja na mumewe Jyotirao walifungua shule ya wasichana. Alipopita njiani kwenda kufundisha, watu walimtupia matope na mavi ya ng'ombe. Alichukua vazi la pili; akifika shuleni, avua lililochafuka, avaa safi, afundisha. Huko Afghanistan, tangu mwaka 2021 watawala wamewafungia wasichana shule za sekondari, na mwezi wa Desemba 2022 wakawafungia na vyuo vikuu. Shirika la UNESCO lilihesabu mwaka 2023 ya kuwa wasichana wapata milioni 122 duniani hawamo shuleni. Na kati ya watu wazima wasiojua kusoma, karibu theluthi mbili ni wanawake. Kwa hiyo mtu asituambie haya ni mambo ya dini fulani, au kabila fulani, au rangi fulani. Kila taifa limefunga mlango huu kwa zamu yake, na kila mahali ulipofunguliwa, ulifunguliwa na watu waliokubali kuchafuliwa mavazi.

Sasa tufanye nini? Sipendi maneno yaishe hewani, basi nitasema wazi.

Kwenu waalimu: chungeni kazi mnazowapa watoto. Kama wasichana wateka maji na kufagia nyumba ya mwalimu saa ambayo wavulana wajisomea, mmekwisha kuwagawanya kabla ya mtihani. Waulizeni wasichana maswali magumu, msiwaachie yale mepesi. Na mwalimu amwonaye mwalimu mwenzake akimwinda mtoto, asimfiche kwa ajili ya urafiki. Aende kwa mkuu wa shule, kwa mtendaji wa kata, au katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kwenu baba zangu: gawanyeni kazi za nyumbani. Mvulana aweza kuchota maji, mikono yake haitavunjika. Na mahari ikiletwa mezani kwa ajili ya mtoto aliye darasani, irudishwe ilikotoka. Shida ya fedha naijua, wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Lakini ng'ombe wale huisha kwa msimu mmoja, na mtoto hukaa katika ndoa ile maisha yake yote.

Kwenu mama zangu: msiwe wa kwanza kumcheka binti aliyerudi shule na mtoto mgongoni. Mshikeni mtoto, yeye ashike kalamu.

Na kwetu sote, neno la mwisho. Nimesikia ya kuwa wengi wapenda sadaka ya jubilei ijenge mnara wa mawe mbele ya kanisa kuu, wenye majina ya wakubwa waliotutangulia. Shauri hilo ni la heshima, na wenye kulitoa wana nia njema. Lakini naomba wajumbe wa mitaa, mtakapoketi kuamua, mlipime na shauri jingine: tujenge bweni la wasichana karibu na sekondari iliyo mbali kuliko zote katika dayosisi yetu, lenye vitanda, maji, vyoo vyenye milango, ukuta, na mama mlezi anayelipwa mshahara wake kila mwezi. Kila mtaa utoe tofali, saruji, bati au magunia ya mahindi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Majina ya wakubwa wetu yaandikwe juu ya mlango wa bweni hilo, nadhani wenyewe wangefurahi. Mnara utaonwa na wapita njia. Bweni litaonekana katika daftari la mahudhurio, jina kwa jina, mwaka kwa mwaka, nao watakaosherehekea jubilei ijayo watakuwa na faida ya kuhesabu.

Mtaamua ninyi, si mimi. Ila mkumbuke ya kuwa shauri hili likiahirishwa, mabinti hawawezi kuahirisha umri wao. Mwenye miaka 14 leo, mwaka kesho ana 15.